Namna ya Kutunga Kaulimbiu Isiyokudai

Hongera kwa kuteuliwa. Barua inasema wewe ni mjumbe wa kamati ndogo ya kaulimbiu, na najua uliguna ulipoisoma, kwa sababu ulitarajia kamati ya manunuzi. Usivunjike moyo. Kamati ya manunuzi hukaguliwa; ya kaulimbiu haikaguliwi na mtu. Mkaguzi anaweza kuhesabu magari, mifuko ya saruji, hata dawa zilizoisha muda ghalani, lakini hana mizani ya kupimia maneno manne yaliyochapwa kwenye fulana. Utamu wa kazi yako uko hapo, na mwongozo huu umeandikwa ili usije ukauharibu.

Tuanze na maana, kwa sababu mwenyekiti atataka andiko liwe na sehemu ya "dhana". Kaulimbiu ni maneno machache ambayo watu wengi huyasema pamoja kwa sauti kubwa, ili asisikike yule mmoja anayeuliza jambo kwa sauti ndogo. Hiyo iandike kwa penseli, ukishaielewa ifute. Kwenye andiko lenyewe weka "ujumbe mahususi unaobeba dira ya wadau". Wadau usiwasahau. Bila wadau hakuna bajeti, na bila bajeti hakuna kikao cha siku tatu hotelini cha kutunga sentensi moja.

Asili pia utaulizwa. Wazungu husimulia kwamba zao zimetoka kwa Waskoti wa milimani, ambao kila ukoo ulikuwa na ukelele wake wa kuingilia vitani. Sisi tuna asili yenye amani zaidi, nayo ni mzigo. Watu wakivuta chombo pwani au wakinyanyua boriti, mmoja hutoa sauti, wenzake huitikia, na nguvu zote huangukia mahali pamoja kwa wakati mmoja. Harambee ilikuwa ukelele wa aina hiyo kabla Jomo Kenyatta hajaufanya wito wa taifa, na kabla haujaandikwa kwenye nembo ya Kenya mwaka 1963. Angalia badiliko dogo lililotokea njiani, maana ndilo lililozaa taaluma yetu. Zamani aliyepaza sauti alikuwa na bega chini ya mzigo. Baadaye aliyepaza sauti alikaa meza kuu, kivulini, mzigo ukabaki kwa waitikiaji. Shule nyingi za Kenya zilijengwa kwa harambee, na hilo si jambo la kubeza. Lakini michango hiyohiyo iligeuka jukwaa la wanasiasa kuonyeshana mabunda ya noti, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka ya kuchangisha.

Kuna mjumbe mmoja kwenye kamati yako, huwa hakosekani, atakayependekeza mtazame maneno ya kanga. Mshukuru, kisha mpuuze. Kanga imeandikwa maneno matamu tangu enzi za bibi zake bibi zetu, lakini ina kasoro moja kubwa: ina mlengwa. Mwanamke wa Unguja au Mombasa akitoka na kanga mpya anajua fika inamhusu nani, na anayehusika anajua pia, ndiyo maana siku hiyo hawasalimiani. Kaulimbiu yenye mlengwa italeta ugomvi. Yako imlenge "kila mwananchi", yaani mtu ambaye hakuna aliyewahi kukutana naye.

Sasa chagua neno. Usihangaike kutafuta jipya. Lipo moja lililojaribiwa kwa miaka zaidi ya 60 na halijawahi kumuaibisha aliyelitumia, nalo ni kazi. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na "Uhuru na Kazi". Mwai Kibaki wa Kenya aliomba muhula wa pili mwaka 2007 kwa "Kazi Iendelee". John Magufuli wa Tanzania akaja mwaka 2015 na "Hapa Kazi Tu", na ili asiyeelewa aelewe, akapiga pushapu jukwaani. Samia Suluhu Hassan alipochukua nchi mwaka 2021 akasema "Kazi Iendelee", na majirani zetu Wakenya kwa ustaarabu wao hawakudai hakimiliki. Mwaka 2022 chama cha UDA cha William Ruto, chenye alama ya wilbaro, kilitembea Kenya nzima na "Kazi ni Kazi". Mwaka 2025 CCM ikaongeza viungo kidogo: "Kazi na Utu". Hata kampuni ya simu, Vodacom, ilipotaka kuzungumza na Watanzania iliona njia ni hiyohiyo, ikatuambia "Kazi ni Kwako".

Ukiuliza kwa nini kazi, jibu ni kwamba kazi hufanywa na msikilizaji. Ukimwambia kazi iendelee, umempa yeye agizo, nawe umebaki huru kama ulivyokuwa. Jaribu kuweka ajira mahali pake uone. "Hapa Ajira Tu"! Kesho yake alfajiri getini kwako kutakuwa na vijana wenye bahasha za kaki, kila mmoja na nakala za vyeti zilizothibitishwa na mwanasheria. Ajira ina mwajiri, ina mshahara, ina tarehe ya kuripoti. Ajira huhesabika. Kazi haihesabiki, na mtu akilalamika kwamba hana, unaweza kumjibu kwa uso mkavu kwamba kazi zipo, yeye ndiye anachagua.

Hayo ni ya ngazi ya taifa. Kama umepewa siku ya maadhimisho tu, mambo ni mepesi zaidi. Chukua sentensi "Tuwekeze katika ... kwa maendeleo endelevu", kisha kwenye nukta jaza kitu cha mwaka huo: nyuki, wazee, takwimu, mbolea, afya ya kinywa. Ukipenda kuonyesha elimu yako, malizia na "jumuishi". Pima kazi yako hivi: siku ya tukio, baada ya itifaki kuzingatiwa, mgeni rasmi atasema "kama kaulimbiu yetu ya mwaka huu isemavyo", kisha atageuka nyuma kuisoma kwenye bango. Asipogeuka, maana yake ameikumbuka, na kaulimbiu inayokumbukwa inaweza kurudi siku moja kukuuliza habari.

Kuhusu sifa na vivumishi nitakupeleka moja kwa moja kwa mabingwa. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete aliingia na "Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya". Tazama ilivyoundwa. Vitu vitatu, vyote havishikiki, vyote vimepewa sifa moja, na mdundo wake unaweza kuuchezea. Nani ana kifaa cha kupimia ari? Miaka mitano ikapita, uchaguzi wa 2010 ukafika, na ile kasi haikuweza tena kuitwa mpya. Kamati isiyo na uzoefu ingekaa kitako kutunga upya. Wao waling'oa neno moja wakapachika jingine: "Ari Zaidi, Nguvu Zaidi, Kasi Zaidi". Nimeshaona mafundi wa magari wakifanya ukarabati wenye gharama kubwa kuliko huo na gari lisiwake.

Lakini mabingwa haohao waliteleza mahali pamoja. Kwenye mabango yaleyale waliandika "Maisha Bora kwa Kila Mtanzania". Neno lililowaponza ni kila. Kila Mtanzania ana jiko, na jikoni ana sufuria, na akifunua sufuria jioni hahitaji mtaalamu wa uchumi kumwambia kilichomo. Miaka 10 watu walikuwa wakipita sokoni, wakitajiwa bei ya sukari, wanacheka: maisha bora hayo. Kumpa mwananchi kipimo anachokwenda nacho nyumbani ni uzembe wa kitaaluma.

Na kama hilo ni uzembe, sijui tuite nini kilichofanyika mwaka 1973. Hapa nakuomba uketi, kwa sababu ni habari mbaya kwa fani yetu na vijana wengi hawaijui.

Mwaka uliotangulia, kule Iringa, TANU ilikuwa imetoa "Siasa ni Kilimo", muundo safi kabisa: kitu fulani ni kitu kingine, basi. Kilimo hakiwezi kukanusha kwamba ni siasa. Kisha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikachukua muundo uleule na kutoa "Mtu ni Afya". Mpaka hapo hakuna tatizo. Maneno matatu, hayamdai mtu. Tatizo ni kwamba hawakuishia kwenye maneno. Walichapa vitabu vidogo vya lugha nyepesi. Walifundisha viongozi wa vikundi kwa maelfu. Radio Tanzania ikawa inarusha kipindi, watu wanakusanyika kijijini kukisikiliza, kikiisha redio inazimwa, na ndipo balaa linapoanza: wanajadiliana. Malaria inatoka wapi hapa kwetu? Maji tunayokunywa yanatoka wapi? Tufanye nini wiki hii kabla ya kipindi kijacho?

Walioshiriki walifika kama milioni 2, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 14. Walifyeka vichaka karibu na nyumba, walifukia madimbwi, walichemsha maji, walichimba vyoo kwa malaki. Fikiria hasara ya kitu kama choo kwa mtunga kaulimbiu. Choo hakina tafsiri mbili. Kipo au hakipo. Mtu yeyote anaweza kuja kijijini, bila kibali cha utafiti, akazunguka nyuma ya nyumba na kukihesabu. Mwaka 1975 wakarudia tena na "Chakula ni Uhai", kwa redio na vikundi vilevile. Bado wako wazee, ukiwatajia "Mtu ni Afya", hawakuimbii chochote. Wanakuonyesha mahali shimo lilipokuwa.

Kwa hiyo andika kwenye kumbukumbu za kikao: kitabu cha mafunzo kisiwepo, kikundi cha majadiliano kisiwepo, na redio ikishatangaza iendelee na muziki hapohapo ili watu wasipate nafasi ya kuulizana.

Njia bora ya kuzuia majadiliano ni kiitikio. Mpe msikilizaji nusu ya kaulimbiu aimalizie, na kinywa chake kitakuwa na shughuli. "Uhuru!" "Na Kazi!" Zanzibar ukisema "Mapinduzi!" hata mtoto atakujibu "Daima!" Tangu CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, kwenye mkutano wake hotuba haianzi mpaka chama kiombewe kidumu, na umati uitikie kwamba kidumu. Chadema nao walipokuja na nguvu ya umma yao hawakusahau kukata kaulimbiu vipande viwili na kunyanyua vidole. Hapo vyama havina ugomvi. Mzungumzaji akiona hoja inamponyoka, au sauti kule nyuma zinaanza kuguna, anarudia salamu mara tatu, watu wanaitikia, na akishamaliza amesahau alikuwa anaulizwa nini.

Ukishakuwa na kiitikio, ieneze. Hapa mwalimu wetu ni Kenya ya Daniel arap Moi. Alipoingia madarakani mwaka 1978, baada ya kifo cha Kenyatta, alisema atafuata nyayo za mtangulizi wake. Lilikuwa tamko la unyenyekevu, hata la kuwatuliza waliokuwa na wasiwasi naye. Nyayo zikapewa walinzi watatu, "Amani, Upendo na Umoja", na baada ya muda hazikuwa tena za Kenyatta. Maziwa ya bure ya watoto wa shule za msingi yaliitwa ya Nyayo, na aliyeyanywa hadi leo anaikumbuka pakiti yake. Uwanja wa mpira ukaitwa Nyayo. Mabasi, wodi za hospitali, mashamba ya chai ya pembezoni mwa misitu, yote Nyayo. Likaja na gari, Nyayo Pioneer, lililozinduliwa mwaka 1990 na halikufika sokoni. Ndiyo maendeleo ya kaulimbiu: inaanza kama sentensi, inakuwa chapa, mwisho inakuwa anwani. Mwaka 1984 Moi mwenyewe aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama alivyofanya yeye enzi za Kenyatta. Kwa mtu wa kamati yetu hiyo ni ndoto iliyotimia.

Anwani mojawapo ilikuwa Nyayo House, jengo refu katikati ya Nairobi. Ghorofani wananchi walipanga foleni za ofisi za serikali. Chini ya jengo kulikuwa na vyumba ambamo miaka ya 1980 watu walioshukiwa kuipinga serikali walifungiwa na kuteswa. Baadhi yao kosa lao lilikuwa kusoma na kujadiliana. Sina mzaha wa kuweka hapo. Nakutajia tu kwa sababu mjumbe mwenzako atasema kwamba maneno ni maneno, hayamdhuru mtu.

Kama uko upande wa pili, wa wanaotaka kuingia, fomula yako ni bila. Mwaka 2002 Wakenya walichukua pambio la kanisani linalosema kwamba kwa imani yote yanawezekana, wakaondoa imani wakaweka "bila Moi", na muungano wa upinzani, NARC, ukaingia Ikulu nayo. Ni kaulimbiu tamu kuliko zote nilizozisikia katika lugha hii, na haikuhitaji mshauri. Ila huharibika upesi. Desemba ilipokwisha Moi hakuwepo, na waliobaki wakalazimika kujibu ni yapi hasa yanayowezekana. Ukitumia bila, chagua adui asiyeondoka: umaskini, ujinga na maradhi wametumikia nchi zetu kwa uaminifu tangu uhuru na hawajaomba kustaafu.

Wafanyabiashara sitawasemea sana. Kaulimbiu yao ina udhaifu wa kuzaliwa: mteja anaweza kuiendea dirishani. Benki ikisema "Ulipo Tupo", atakayeisoma yuko kijijini na anatazama kulia na kushoto. Walio salama ni wenye pombe. Tusker waliposema "Bia Yangu, Nchi Yangu", nani angebisha, tena glasi ikiwa mkononi?

Jambo unalopaswa kuliogopa kweli ni mtaa. Kabla hujapeleka chochote kwa mchapaji, kifupishe kwa herufi za mwanzo kisha umpe kondakta wa daladala dakika mbili. CCM ilidhani herufi zake ni za Chama cha Mapinduzi. Wenye midomo yao wakasoma Chukua Chako Mapema, na tafsiri hiyo imekuwa ngumu kuing'oa kuliko tangazo lolote. "Hapa Kazi Tu" ilipokuwa imebandikwa kila geti, mtaa haukubishana nayo. Uliongeza tu kwamba vyuma vimekaza, yaani hali ya fedha ni ngumu, na maneno hayo mawili yakaenea nchi nzima bila bango hata moja, bila posho, bila kikao. Wakati mwingine mtaa hupora kabisa. Kampeni ya UKIMWI ya Kenya ilipopiga vita mpango wa kando, yaani mpenzi wa nje ya ndoa, watu walilipenda neno wakaacha onyo, na sasa kuna wanaomtaja mpango wao wa kando kama anavyotajwa shemeji. Tanzania kampeni ya vijana ilisema "Usione Soo, Sema Naye", ikikusudia wapenzi wazungumze kuhusu kinga. Walisema nao, vijana walisema nao sana, juu ya mambo mengine.

Dhihaka hata hivyo huzoeleka. Kisichozoeleka ni watu kuiamini kaulimbiu yako, na hilo limewahi kutokea Dar es Salaam. Kabla ya mwongozo huu ulikuwepo Mwongozo wa TANU, wa mwaka 1971. Ibara yake ya 15 ilikataza kiongozi kuwa jeuri, mfujaji, mwenye dharau na mwonevu. Ilikuwa nzuri kusomwa mikutanoni, na bila shaka ilipigiwa makofi. Kisha wafanyakazi wa viwandani wakaisoma kama mkataba. Meneja akitukana, wanazima mashine na kumtajia ibara. Kiwanda baada ya kiwanda waliweka chini zana, na baadhi ya mameneja walifungiwa milango nje. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaanza kukiendesha wenyewe.

Basi ukishaikamilisha yako, usiipeleke kwanza kwa mgeni rasmi. Mpe mlinzi wa zamu ya usiku aisome kwa sauti. Akicheka, ichape. Akisema ni nzuri, ichape na kwenye kofia. Akiuliza "lini?", ichane, muombe radhi kwa kumsumbua, na uitishe kikao kingine hotelini.